Ratiba inasema sanaa ipo. Daftari la mtoto linasemaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Nzuguni, Dodoma. Tunataka kuandika andiko la mradi wa sanaa kwa watoto, na mfadhili ametutaka kwanza tuoneshe hali ilivyo: elimu ya sanaa inapatikana kiasi gani shuleni na mitaani, katika kata yetu na kata za jirani, Ihumwa na Mtumba. Nimeshapita shule kadhaa. Kila mwalimu mkuu ananijibu "ipo" na kunionesha ratiba. Nikirudi nyumbani nikiwauliza wadogo zangu, wanasema kipindi hicho huwa wanacheza mpira. Nitapimaje kitu ambacho kila mtu anasema kipo? Na ngoma za mtaani na kwaya za makanisani, nizihesabu au niziache?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Walimu wakuu hao hawakukudanganya. Uliwauliza kama sanaa ipo, nao wakakuonesha mahali ilipo, yaani ukutani, kwenye ratiba. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu, na madarasa mawili ya chini yana eneo lao la utamaduni, sanaa na michezo. Ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, ukianzia awali, darasa la kwanza na la tatu. Kwa hiyo katika miaka hii ya mpito shule moja inaweza kuwa na mitaala miwili: wadogo wana Sanaa na Michezo, wakubwa wanamalizia mtaala wa zamani ambao sanaa ilijibanza humo ndani ya Stadi za Kazi. Kabla ya swali lingine lolote, uliza darasa lipi linasoma mtaala upi. Usipofanya hivyo utakuja kumlaumu mwalimu wa darasa la saba kwa somo ambalo hakupangiwa.

Ukishajua hilo, achana kabisa na swali la ipo au haipo. Uliza hivi: wiki iliyopita, watoto gani walifanya nini kwa mikono yao, sauti zao au miili yao, na nani aliwaongoza? Mambo mengine yote nitakayokueleza yanatoka kwenye swali hilo.

Kwanza uelewe kwa nini kipindi kinaweza kuwa kwenye ratiba na kisifundishwe, ili usiende shuleni na uso wa mkaguzi. Mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Sanaa haimo kama somo linalosimama peke yake. Shule hulinganishwa kwa ufaulu, mwalimu mkuu huitwa kujieleza kwa ufaulu, na wazazi huhamisha watoto kwa kuangalia ufaulu. Mtihani wenyewe ni Septemba, hivyo kuanzia katikati ya mwaka vipindi visivyotahiniwa huanza kuliwa kimoja kimoja. Hisabati inakula, Kiingereza kinakula. Mwalimu anayefanya hivyo si mvivu, pengine ndiye anayefanya kazi kuliko wote. Anajua tu atapimwa kwa nini.

Halafu kuna ulaji wa pili ambao wadogo zako wamekutajia bila kujua: michezo kuila sanaa. Somo likiitwa Sanaa na Michezo, na shule ina mpira mmoja na kiwanja, mwalimu aliyechoka saa saba mchana atatoa mpira. Kipindi kimefundishwa, shajara ya darasa, yaani daftari la kumbukumbu za vipindi, imesainiwa, hakuna wa kumshitaki. Kwenye fomu yako tenganisha hayo mawili bila huruma. Kipindi cha mpira ni kipindi cha michezo. Kiandike huko, na sehemu ya sanaa iache wazi.

Sasa namna ya kupima. Anza na madaftari. Kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa, omba madaftari matano au sita ya somo hilo, na uyachote mwenyewe katikati ya rundo, maana la juu huwa ni la mtoto mwenye mwandiko mzuri. Angalia tarehe. Tuseme ratiba inatoa vipindi viwili kwa wiki na muhula una wiki 18. Palipaswa kuwa na vipindi 36. Ukikuta tarehe saba, umepata jibu ambalo ukuta wa ofisi haukukupa. Kisha soma kilichoandikwa. Fasili ya sanaa iliyonakiliwa ubaoni neno kwa neno ni zoezi la mwandiko. Unachotafuta ni mchoro uliofutwa ukachorwa tena, maneno ya wimbo waliotunga wenyewe, hatua za kusuka, jina la ngoma na nani alipiga nini.

Daftari tupu nalo lisikufanye uhukumu haraka. Mwalimu anayefundisha kuimba na kucheza anaweza asiache hata mstari mmoja kwenye karatasi. Kwa hiyo linganisha daftari na azimio la kazi (mpango wa mwalimu wa kufundisha), andalio la somo (maandalizi ya kipindi kimoja) na shajara ya darasa, halafu linganisha vyote hivyo na watoto wenyewe. Mambo yote matano yakisema jambo moja, liamini. Yakipishana, kupishana kwenyewe ndiyo taarifa: andika kwamba shajara inasema kipindi kilifundishwa na watoto hawakumbuki.

Ukikaa na watoto, mwalimu wao asiwepo, ila hakikisha yupo mtu mzima wa pili. Usiwaulize "Je, mnafundishwa sanaa?" Watakujibu "Ndiyooo" kwa sauti moja kama wanavyoitikia salamu ya asubuhi. Waambie: nani ataniimbia wimbo mliojifunza darasani mwaka huu, siyo wa kanisani wala wa kwenye simu? Nani atanichorea alichochora mara ya mwisho? Nani ameshawahi kushika ngoma ya shule? Wape penseli na karatasi na usubiri. Watoto wasiowahi kuchora shuleni wengi watakuchorea nyumba moja, ile yenye paa la pembetatu, na bendera pembeni. Si kosa lao, ni picha waliyoiona kitabuni. Darasa ambalo kila karatasi ni tofauti, muulize mwalimu wake anafanyaje, kisha andika jibu lake lote.

Nije kwenye kwaya ya kupokea wageni, maana hapo ndipo tathmini nyingi zinapotelea, na Dodoma zinapotelea zaidi. Tangu serikali ihamie huku kwa kasi kuanzia 2016, mji huu haukosi uzinduzi, kongamano na kuweka mawe ya msingi. Shule zilizo karibu na barabara kuu huombwa watoto wa ngoma, ngonjera na kwaya mara kwa mara. Ukifika, mwalimu mkuu atakuitia hao hao: wamevaa vizuri, wanaimba vizuri, na utatoka umefurahi. Lakini chukua shule ya wanafunzi 900 yenye kikundi cha watoto 30. Hao ni kama watatu katika kila mia. Na mara nyingi ni wale wale tangu darasa la tatu hadi la saba, kwa sababu mgeni wa wiki ijayo hasubiri mtoto mpya ajifunze. Mimi hiyo siiti elimu ya sanaa kwa shule. Ni elimu kwa watoto thelathini, na huduma ya itifaki kwa halmashauri.

Hali kadhalika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Yana fani za ndani, yaani kwaya na ngoma, na yameibua watoto wengi wenye vipaji. Ila uliza mazoezi yalianza lini na yalikoma lini. Kama yalianza wiki chache kabla ya mashindano ya kata na kufa siku timu ilipotolewa, andika hivyo.

Hata hivyo usikipuuze kikundi hicho, kwa sababu moja: kina mwalimu. Pale shuleni kuna mtu anayekifundisha, na huyo ndiye mwalimu wa sanaa wa kweli, hata kama kwenye orodha ya walimu ameandikwa wa Maarifa ya Jamii. Pengine anapiga kinanda kanisani, au alisoma Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa muziki, uchoraji na sanaa za maonesho, kisha akapangiwa vipindi vya somo lingine kwa sababu ya upungufu wa walimu. Mtafute, kaa naye peke yake. Muulize amesomea nini, anafundisha nini, na angepewa kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa angefanya nini. Katika tathmini nzima, mazungumzo haya ndiyo yatakayofaa zaidi kwa mradi wenu, kwani mradi unaomkuta mtu huyu una mahali pa kushika.

Utaambiwa pia "vifaa hakuna". Andika, lakini usiishie hapo. Uliza ni vifaa gani, kwa ajili ya kufundisha nini. Kinanda na rangi za dukani zinahitaji fedha, na ruzuku ya elimu bila ada, iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ina kazi nyingi kabla haijafika kwenye rangi. Ila udongo wa mfinyanzi upo, mkaa upo, vibuyu vipo, na udongo mwekundu ndio tunaoukanyaga kila siku. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, sehemu kubwa ni ya rangi nyekundu iliyotokana na madini ya mahali hapo hapo. Iko mkoani kwetu, kando ya barabara kuu iendayo Babati. Weka swali kwenye fomu: darasa gani limewahi kupelekwa kuiona, au japo kuoneshwa picha zake? Ukipata majibu mengi ya "hakuna", utakuwa umejua kwamba kinachokosekana si vifaa tu.

Kwa sekondari kazi ni nyepesi zaidi, tena unaweza kuianza ukiwa kitandani na simu. Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, ingia ukurasa wa kila shule ya eneo lako, shuka hadi chini kabisa. Pale kuna jedwali la masomo yote ambayo shule ilitahini, na idadi ya watahiniwa kwa kila somo. Tafuta Fine Art, Music na Theatre Arts. Yasipokuwepo, shule haina mtahiniwa wa sanaa, hata kama ina klabu nzuri namna gani. Fanya hivyo kwa miaka mitatu au minne mfululizo uone kama kuna shule iliyokuwa na somo likafa. Likiwa limekufa, nenda ukaulize mwalimu alihamia wapi. Mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Kisha uliza kama shule ina mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi, chini ya mtaala mpya, kwa kuwa fani za sanaa zinaweza kufundishwa humo, na wanafunzi wa mkondo huo bado hawajaonekana kwenye matokeo ya miaka ya nyuma. Usisahau pia Chuo Kikuu cha Dodoma pale juu mlimani. Kina vijana wanaosoma sanaa na maigizo. Uliza kila shule kama imewahi kupokea hata mmoja wao kwa mazoezi ya vitendo.

Sasa swali lako la pili, la ngoma na kwaya za mtaani. Zihesabu. Tena ningekushauri utumie huko nusu ya muda wako, kwa sababu katika Ugogo sanaa haikuwahi kusubiri shule. Wanawake wanaopiga muheme, zile ngoma zenye kiuno chembamba zinazobanwa mapajani, hawakuzifundishwa na mwalimu mwenye chaki. Wapiga zeze na marimba vivyo hivyo, na waimbaji wa nindo na msunyunho wanaopanga sauti juu ya sauti bila kuandikiwa nota. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka mkoa huu na muziki wa nyumbani kwao, akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuusambaza dunia nzima. Na kata yako jirani, Ihumwa, ndiko alikozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, mshairi aliyeieneza ngonjera, utanzu ambao shule zote za nchi hii zilikuja kuufanya wa kwao. Ukifika shule za Ihumwa, uliza watoto wangapi wanalijua jina hilo. Mimi ningeulizia hata walimu.

Lakini, na hapa nakuomba uwe makini, kikundi kinachotumbuiza si lazima kiwe kinafundisha. Ni mambo mawili. Vikundi vingi vya muheme mjini vimekuwa vya kukodishwa: harusi, mikutano, mapokezi uwanja wa ndege. Hakuna ubaya, watu wanakula jasho lao. Swali linaloonesha tofauti ni moja: mwanafunzi wenu mdogo kuliko wote ana umri gani, na alijiunga lini? Kikundi ambacho mdogo wao ana miaka arobaini ni kikundi cha sanaa, ila kwa tathmini yako siyo mahali pa elimu. Kikundi ambacho wasichana wa miaka kumi na miwili wanakaa pembeni kila Jumamosi wakipiga ngoma ndogo, hata kama hakijawahi kualikwa popote, ni shule. Muulize kila msanii pia: nani alikufundisha, ulianza na ngoma ipi, sasa unamfundisha nani, siku gani, na mtoto wa jirani asiye wa ukoo wenu akitaka kujifunza atapokelewa?

Angalia na majira. Huku kwetu mvua ni moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na ndiyo kilimo chenyewe. Ukienda Hombolo au vijiji vya Chamwino mwezi Februari utakuta watu shambani, ngoma zimening'inizwa, na wewe utaandika "hakuna shughuli za sanaa". Rudi baada ya mavuno, uone. Ndiyo maana nakushauri zamu mbili: moja ya masika, nyingine kuanzia Juni. Nzuguni kwenu mabadiliko ya majira hayaonekani sana, kwani ni mjini na watu wametoka kila mkoa, lakini Ihumwa na Mtumba bado kuna kaya nyingi zinazolima. Usisahau kwamba mtoto wa huko ana majira yake pia: wakati wa kuamia ndege shambani hata shuleni haonekani, sembuse kwenye mazoezi ya jioni.

Kwaya za makanisani ni habari nyingine. Kwa maoni yangu ndiyo shule kubwa ya muziki katika mkoa huu, na sioni inayoifuatia kwa karibu. Zinafanya mazoezi mwaka mzima, zina walimu wanaojua nota, zina vinanda na spika, na hazitozi ada. Upande wa Waislamu kuna kaswida za madrasa, na ukienda Kondoa utazikuta kwa wingi. Ziorodheshe zote, kwa siku na saa. Kisha andika mipaka yake: mtoto wa dini nyingine haingii, kwaya nyingi ni za vijana na watu wazima, na kinachofundishwa ni kile kinachohitajika ibadani. Pia kuna jambo la kihistoria ambalo huwezi kulikwepa. Baadhi ya wamisionari na warithi wao waliziona ngoma za Wagogo kuwa za kishenzi, na hadi leo utakutana na mzazi atakayemruhusu binti yake kwaya lakini siyo muheme. Zungumza naye, andika sababu yake kama alivyoisema. Usiandike "mwamko mdogo wa jamii". Sentensi hiyo imejaza ripoti za nchi hii, na sijaona mtu mmoja aliyesaidiwa nayo. Mzazi huyo ana mwamko mkubwa tu; ana msimamo, na mradi wenu utagongana nao mkisingizia haupo.

Zipo pia sehemu ambazo hakuna anayezitaja akiulizwa sanaa: mafundi cherehani, wachora mabango, wasusi, wafinyanzi, vijana wa studio za kurekodi. Wengi wana wanagenzi. Uliza ada, umri na muda wa kujifunza, basi. Wape ukurasa mmoja.

Sasa chukua orodha zako mbili, ya shule na ya mtaa, uziweke mezani pamoja. Hapa ndipo utapata kitu cha kumwambia mfadhili. Nadhani utakuta, kama nilivyokuta mara nyingi, shule ambayo mwalimu wake hajui kupiga ngoma hata moja, na nyumba ya tatu kutoka geti la shule anakaa mama aliyeipiga muheme tangu usichana wake. Hawajawahi kukutana kwa kazi hiyo. Mwalimu anajua mbinu ya mgeni mwalikwa, aliisoma chuoni na inatajwa kwenye mihtasari, lakini hajui aanzie wapi, nani atamlipa mama huyo, na kama mkaguzi ataona ni kupoteza kipindi. Mama naye anadhani shule ni ya waliosoma. Kila shule iulize swali hili: mwaka huu mmemwalika nani kufundisha sanaa, alikuja mara ngapi, na alipewa nini? Mfadhili akikulazimisha uchague kipimo kimoja tu, mpe hicho, kabla ya hesabu ya vinanda.

Ukumbuke kuandika anayekosa. Sanaa ikiwepo baada ya masomo, msichana anayetakiwa kuteka maji jioni hayupo. Ikihitaji sare ya ngoma ya kununua, mtoto wa kaya maskini atajitoa mwenyewe bila kusema, nawe utasikia "hapendi". Shule haziruhusiwi kumzuia mtoto kwa sababu ya mchango, lakini kujitoa kwa aibu hakumo kwenye waraka wowote. Uliza pia watoto wenye ulemavu wako wapi wakati wa kipindi. Ukipanua kazi yako hadi Chamwino, usiipite shule ya wasioona ya Buigiri. Na upande wa mtaani, ukikuta watoto wanachezeshwa kwenye baa au kuchukuliwa saa za masomo kwenda kutumbuiza, hilo halihesabiwi kuwa fursa. Lipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii.

Mambo ya taratibu nayapitia haraka. Pata barua kutoka ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji, kisha jitambulishe kwa Afisa Elimu Kata na kwa watendaji wa mitaa. Bila hiyo hata nia njema itaonekana upelelezi. Afisa Utamaduni wa halmashauri anaweza kukupa orodha ya vikundi anavyovijua, na vilivyosajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, vina vyeti vyao. Orodha hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kwani wanaofundisha watoto uani kwao hawana usajili. Usipige picha za watoto bila idhini ya wazazi, na majina ya watoto yasiingie kwenye fomu kabisa. Kwenda Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, kutakukutanisha kwa siku chache na vikundi ambavyo ungezunguka miezi kuvitafuta. Lakini pale utaviona vikitumbuiza. Swali la mwanafunzi mdogo kuliko wote kaliulizie kijijini kwao.

Wasanii unaowahoji walipe nauli na muda wao, mkubaliane kiasi kabla ya kukaa. Usiwaombe wakupigie ngoma "kidogo tu" ili upate video ya mfadhili. Kama unataka onesho, kodisha onesho.

Kama mfadhili atakupa fomu yenye kisanduku cha Ndiyo na Hapana, jaza Ndiyo kwa shule ambazo somo lipo kwenye ratiba, kisha ambatisha ukurasa mmoja kwa kila shule: vipindi vilivyopangwa, vilivyofanyika kwa ushahidi wa tarehe, watoto waliogusa kazi ya sanaa kwa idadi kati ya wote, jina la fani, sifa za anayefundisha, na umbali wa msanii wa karibu aliye tayari kualikwa. Kabla ukurasa huo haujaenda popote, msomee mwalimu mkuu. Ana haki ya kusahihisha, na mara nyingine atakuonesha kitu ulichopitwa nacho. Ukitaka kamati ya shule na halmashauri zifanyie kazi matokeo, yawafikie kabla ya mwisho wa mwaka: mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla, na karatasi inayofika Mei inasubiri mwaka mwingine.

Usianze na shule zote. Chagua mbili: moja iliyo kando ya lami pale Nzuguni, nyingine ya pembezoni mwa Ihumwa, na mitaa inayozizunguka. Ukimaliza zamu ya kwanza nitumie fomu zako kama zilivyo, na madoa yake, kabla hujaandika ripoti. Yapo maswali ambayo watu wenu watakuwa wameyajibu kwa adabu tu, na hayo tuyabadilishe kabla ya zamu ya Juni.